Mzee anataka kulala bandarini, mimi nimeshaweka nafasi kwingine

Shangazi, salamu kutoka Moshi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, miaka 61. Mume wangu ana 69, naye kastaafu, yuko na migomba yake na ng'ombe wawili. Mwaka huu tunatimiza miaka 40 ya ndoa. Kijana wetu wa pili ni muuguzi Ujerumani, na katupa zawadi ambayo mpaka leo naona haya kuitaja mbele ya wenzangu wa jumuiya: safari ya meli ya kitalii, siku saba, inayoanzia Piraeus, bandari ya Athens huko Ugiriki. Meli inapita Patmo, inaingia Kuşadası kule Uturuki ambako watu hushuka kwenda kuona magofu ya Efeso, kisha Rhodes na Santorini, halafu inarudi pale pale. Tunaondoka KIA mwanzoni mwa Oktoba. Ndege kalipa, meli kalipa. Akasema, “Mama, fikeni siku tatu kabla mkauone mji. Hoteli mtachagua wenyewe,” akatuma hela ya hoteli kwenye simu ya baba yake.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Mzee alimwita kijana wa jirani, wakakaa na simu jioni nzima chini ya mwembe, wakapata hoteli Piraeus kwenyewe. Yuro 75 kwa usiku. Maelezo yanasema iko dakika tano kutoka bandarini, na picha inaonyesha dirisha na meli nje. Basi, kwake imekwisha. Anasema mji tutauona, tutapanda treni asubuhi tutarudi jioni. Na hela itakayobaki tununue tangi la maji, maana la sasa limepasuka na tunalizibia kwa sabuni.

Shangazi, mimi nimefundisha shule ya Jumapili miaka 31. Kila mwaka tukifika Matendo ya Mitume sura ya 17 nawachorea watoto kilima cha Areopago, alikohubiri Paulo, ubaoni, na kwa kuwa sijawahi kukiona, nakichora kama Mawenzi. Nataka niamke asubuhi nikione. Nataka nikirudie jioni, na kesho yake tena, bila mtu kuniambia treni inatuacha. Nilipomwambia hivyo akacheka: “Mwalimu, unakwenda kukiona au unakwenda kulala nacho? Mawe hayahami.”

Nikanyamaza. Lakini wiki ile ile nikazungumza na mwanangu kwa video, tukatafuta pamoja, tukaweka nafasi Plaka, mtaa wa zamani chini ya Akropoli, kile kilima chenye magofu ya mahekalu ya kale. Yuro 140, na kifungua kinywa ndani. Tutalipa tukifika, na tunaweza kufuta bila kukatwa hadi tarehe 28 Septemba. Mwanangu akasema, “Usimwambie baba, tutamshtukiza.” Tukacheka wote wawili.

Sasa sicheki. Mzee ameshatangaza jumuiya nzima kwamba atalala mahali anaona meli dirishani. Amekwenda steshenari mjini akachapa ramani ya Piraeus, akachora kwa kalamu nyekundu njia ya kutoka hotelini hadi bandarini. Karatasi ile ameikunja mara nne, ameiweka ndani ya Biblia yake. Kila nikiiona naumia. Kisha nakumbuka lile tangi na hasira inarudi: miaka 40, na hata zawadi ya mwanangu igeuke tangi!

Nikueleze na hili ili umjue. Ana ugonjwa wa kuwahi. Basi likiondoka saa kumi na mbili, yeye yuko stendi saa tisa usiku amekalia begi. Watoto wanamtania mpaka leo. Ulimwanza mwaka 1988 alipofiwa na baba yake. Tulikuwa tunatoka Dar, basi likafia Mombo, tukafika kihambani watu wameshaanza kula. Tangu hapo hakawii popote. Na goti lake la kushoto ni bovu, ngazi ndefu zinamtesa.

Miadi ya viza ni katikati ya Agosti, mwanangu anatuandalia fomu. Naomba unisaidie. Nimwambie ukweli na kuharibu furaha yake? Nifute ya Plaka nikubali ya kwake? Au ninyamaze mpaka tushuke kwenye ndege, ajionee? Na kwa watu wa umri wetu, ni wapi hasa pa kulala kabla ya meli?

Mama wa Zawadi, Moshi
(jina tumelihifadhi)

SHANGAZI ANAJIBU

Mwalimu, shikamoo. Wananiita Shangazi lakini umri umenizidi. Hongera kwa miaka 40, na hongera kwa kulea kijana anayekumbuka.

Kabla sijaanza kuandika safu hii nilikaa miaka kumi na miwili mapokezi ya hoteli hapa Arusha, si mbali na Mnara wa Saa. Wageni wakija kupanda Kilimanjaro au kwenda mbugani, nilisikia ugomvi wenu huo kwa lugha ambazo sizijui hata salamu yake. Mmoja anataka alale Marangu, aamke yuko jirani na geti. Mwenzake anataka alale Moshi mjini, anywe kahawa, aende Materuni kwenye maporomoko, apande bodaboda. Au usiku wa mwisho: mmoja anataka kitanda karibu na KIA, mwingine anaona ni dhambi kulala kwenye vichaka vya Hai wakati mji bado uko wazi. Walikuwa wananigeukia mimi: “Dada, wewe wa hapa, mwambie.” Nilijifunza kutomwambia mtu. Nilikuwa nauliza swali moja tu: ndege yenu saa ngapi, na mara ya mwisho kuchelewa ilikuwa lini? Hilo la pili ndilo lililokuwa linatoa mambo.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikitafuta hoteli. Mara ya pili nikakwama Mombo.

Umelitaja basi lile kwa mistari mitatu, pamoja na utani wa watoto, ukapita. Mimi nimebaki pale barabarani. Mchaga anakwenda kumzika baba yake, anafika watu wako kwenye sahani. Udongo umesharudishwa. Nafasi ya kutupa ule mchanga wa mkono haikungojei, na hakuna anayekurudishia. Sisemi ndiyo sababu ya hoteli ya Piraeus. Sijaongea naye, na watu wengine huwahi kwa sababu tu wanapenda kuwahi. Lakini umeniambia yeye anataka Piraeus kwa ajili ya tangi la maji. Mtu anayetaka tangi huonyesha watu bei ya tangi. Huyu anaonyesha watu dirisha lenye meli, na anachora kwa kalamu nyekundu njia ya kufika. Hebu iangalie ile ramani tena ukiwa peke yako. Haina tangi.

Na wewe vivyo hivyo. Yeye anadhani unagombania mawe. Hajui kwamba miaka 31 umekuwa ukichora kitu usichokijua mbele ya watoto waliokuamini. Au anajua? Umewahi kumwambia habari ya Mawenzi, kama ulivyoniambia mimi? Barua inasema ulimwambia unataka kuamka ukione. Hilo ni ombi la mtalii. La Mawenzi ni jambo lingine kabisa.

(Tukiwa hapo hapo: Areopago haifanani na Mawenzi hata kidogo. Ni jabali la mawe matupu, kama mita 115 tu kutoka usawa wa bahari, limejibanza kaskazini-magharibi mwa Akropoli. Halina kiingilio, watu hulipanda hasa jua likizama. Mawe yake yamesuguliwa na miguu ya karne nyingi mpaka yanateleza kama sahani yenye mafuta, ndiyo maana wameweka ngazi ya chuma pembeni ya zile za kuchongwa. Chini yake kuna bamba la shaba lenye hotuba ya Paulo kwa Kigiriki. Mzee mwenye goti bovu anaweza kukaa pale chini kwenye bamba akakusubiri.)

Sasa nizungumze kama mtu wa mapokezi, maana nyote wawili mnabishania miji ambayo mmeijenga kichwani.

Nianze na ya mzee. Piraeus ni bandari kubwa mno, na sehemu kubwa ya meli utakazoziona pale ni feri za kwenda visiwani, zinazoingia na kutoka tangu alfajiri. Meli za kitalii zina majengo yao, mbali na kituo cha treni. Kutoka kituoni hadi huko ni kama kilomita mbili, na kwa mwenye goti na masanduku ni safari. “Dakika tano kutoka bandarini” inaweza kuwa dakika tano kutoka geti la feri za Krete. Pili, meli ya namna yenu kwa kawaida hailali bandarini ikiwasubiri. Huingia alfajiri ya siku ile ile, inashusha watu wa wiki iliyopita, inafagiliwa, inapandisha wapya, jioni inaondoka. Kwa hiyo usiku wa kwanza na wa pili, hata dirisha likiwa zuri vipi, meli yake haitakuwepo. Itakuwa baharini na watu wengine ndani.

Usikimbilie kumwambia hayo kwa furaha ya ushindi, Mwalimu. Nakujua.

Maana na yeye ana hoja ambazo hukuzipa nafasi. Athens kuna migomo. Treni na mabasi husimama siku nzima, na maandamano yakijaa uwanja wa Syntagma teksi hazipiti. Meli haingojei abiria aliyekwama kwenye foleni. Hufunga orodha yake saa moja au zaidi kabla ya kung'oa nanga, na aliyeachwa hujitafutia njia hadi bandari inayofuata, kwa gharama zake. Piraeus nayo si mahali pa kudharau. Mwaka 1959 vibarua waliokuwa wakichimba mtaro barabarani walikuta sanamu za shaba za kale zimelala chini ya lami, akiwemo Apollo mmoja aliye karibu mzima kabisa. Ziko kwenye makumbusho ya pale pale, na hakuna msongamano kama wa Akropoli. Kuna Mikrolimano, ghuba ndogo ya mashua, watu wanakula samaki ukingoni. Isitoshe, wengi wanaoisoma ile sura ya 17 wanaona Paulo mwenyewe alifika Athene kwa njia ya bahari. Yaani mzee wako ana hoja ya Biblia na hajui. Usipomwambia wewe, mchungaji atamwambia.

Na Plaka? Ni pazuri, sitakuficha. Lakini ni mtaa wa mlimani, vichochoro vya mawe, vingine ni ngazi tupu na gari halifiki. Teksi inawaacha kona, mnaburuza mabegi yanayolia krr-krr-krr mpaka mlangoni. Nyumba nyingi ni za zamani. Lifti, ikiwepo, inaweza kuwa ya watu wawili wembamba wasio na sanduku, na kwanza upande ngazi sita kuifikia. Wahudumu hawasemi uongo: ukiuliza “mna lifti?” watasema ndiyo. Uliza hivi: kutoka pale teksi inaposimama hadi kitandani kwetu, kuna ngazi ngapi? Omba wakutumie picha ya mlango wa kuingilia. Ya kitanda unayo tayari, na vitanda vyote kwenye picha ni vizuri. Uliza pia chumba kinatazama wapi, kwa sababu mikahawa ya Plaka hulala usiku wa manane na muziki wake.

Kuna sehemu hamkuitazama wote wawili. Upande wa kusini wa Akropoli, kuzunguka jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 2009, kuna mitaa ya Makrygianni na Koukaki. Sehemu kubwa si ya kupanda sana, ina maduka ya mikate na wazee wanaokaa vibarazani, na bei mara nyingi ziko chini ya Plaka. Inapakana na barabara pana isiyo na magari inayozunguka kilima, na kwa barabara hiyo unafika Areopago bila kupenya umati. Nazitaja ili ujue kwamba mbele yenu hakuna hoteli mbili tu. Ila sehemu ya tatu nayo ina hatari yake: ukiipeleka kama suluhisho ulilolipata wewe na kijana, itakuwa Plaka kwa jina jingine.

Habari ya umbali. Kutoka katikati ya Athens hadi Piraeus ni kama kilomita kumi. Ni karibu kuliko Moshi mjini na Himo. Tangu mwaka 2022 treni ya chini ya ardhi, laini ya buluu, inatoka uwanja wa ndege, inapita Syntagma na Monastiraki katikati ya mji, inafika Piraeus moja kwa moja, karibu saa nzima tangu mwanzo hadi mwisho. Kutoka katikati ya mji ni chini ya nusu saa. Teksi za kutoka uwanja wa ndege hadi katikati zina bei moja iliyopangwa, ya mchana na ya usiku, kwa hiyo msikubali kupatana. Kwenye treni mzee aweke pochi mfuko wa mbele. Wezi wa Monastiraki wana vidole laini kuliko wa stendi yetu.

Halafu kuna jambo moja dogo lililonifurahisha. Mwanzoni mwa Oktoba Ugiriki bado wako kwenye saa za kiangazi, na saa zao za kiangazi ni sawa na zetu. Mkitua, saa ya mzee ya mkononi haina haja ya kuguswa. Kwa mtu wa kuwahi, mwambie hilo kabla ya lingine lolote.

Njia zenyewe, basi. Kuna wanaolala usiku wa kwanza na wa pili karibu na Akropoli, na wa tatu Piraeus. Inasikika kama haki kwa wote, na watu wa mapokezi tunaipendekeza sana kwa sababu inatuondolea kesi. Lakini ihesabuni vizuri: kuhama hoteli kunakula karibu nusu siku. Mnatoka saa tano asubuhi, chumba kipya hakipatikani mpaka saa nane au tisa, mabegi yako mapokezi, nanyi mnazurura na goti. Kwa siku tatu tu, ni hasara ya kuonekana. Faida yake ni kwamba alfajiri ya meli mzee ataamka yuko pale, na safari hii meli yake kweli itakuwa imefika. Sijui faida hiyo ina thamani gani kwake. Wewe unaweza kujua, ukimwuliza.

Mnaweza kukaa karibu na Akropoli siku zote tatu na kuagiza teksi mapema kupitia hoteli, ya saa ambayo yeye ataitaja, hata kama ni saa mbili asubuhi na meli inaondoka jioni. Utakosa asubuhi moja ya mji. Atakuwa wa kwanza kwenye foleni, amekalia begi, ametulia. Ama mkakaa Piraeus kama alivyopanga, na wewe ukapewa siku mbili nzima ambazo ratiba yake unaipanga wewe na treni ya kurudi unaichagua wewe. Hatari ya hiyo ni mgongo na goti: kwenda na kurudi kila siku huchosha, na mchana mtu wa miaka 69 anatamani kujilaza nusu saa, kitanda kiko kilomita kumi. Halafu Akropoli yenyewe sasa inaingiwa kwa tiketi yenye saa. Mnachagua saa yenu mapema, na geti hufunguliwa saa mbili asubuhi. Hiyo ya asubuhi ndiyo bora, kabla jua halijapiga kwenye marumaru. Anayelala Koukaki huamka akatembea. Anayelala Piraeus itabidi awahi. Lakini kuwahi ndiyo kazi ya mzee, labda hata hatalalamika. Lifti ipo kwa wenye shida ya kutembea. Hoteli yoyote ile iwapigie simu mapema kuulizia.

Upande wa hela, daftari la mzee lina pengo moja na la kwako lina lile lile. Ugiriki kuna kodi ya hoteli inayolipwa kwa kila chumba kwa kila usiku, inapanda kadiri nyota zinavyopanda, na mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona kwenye simu. Tofauti yenu ni yuro 65 kwa usiku, yuro 195 kwa siku tatu; zaidi ya nusu milioni yetu. Si hela ya kuchekea, na tangi lililozibwa kwa sabuni nalo halichekeshi. Ila sijaona kwenye barua kama kuna aliyemwuliza aliyetuma. Akisema “nusu milioni ile ni ya kulala karibu na mnachokipenda”, mambo yamebadilika. Akisema “nunueni tangi”, yamebadilika pia. Ninyi wazazi wawili mnagombania chenji ya mtu mzima anayefanya kazi zamu za usiku.

Nimeliacha la siri mwishoni kwa sababu hilo lina tarehe yake, na si hiyo 28 Septemba uliyoniandikia.

Fomu ya viza ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, kila mwombaji ana yake. Ya mzee ni ya mzee, na anaisaini yeye. Ndani kuna mahali pa kuandika hoteli mtakayofikia, na hati ya kuweka nafasi inaambatanishwa. Mtu anayechora ramani kwa kalamu nyekundu hasaini karatasi bila kuisoma. Kwa hiyo kunyamaza mpaka mshuke kwenye ndege hakuwezekani. Ataliona jina la Plaka katikati ya Agosti, kwenye foleni, mbele ya watu, akiwa amevaa koti lake la harusi. Na mkiambatanisha ya Piraeus ili asijue, huku mmepanga kulala kwingine, mnampa afisa wa viza maelezo mnayojua si ya kweli. Usifike huko, wala kijana asikufikishe. (Mwambie pia ahakikishe fomu zinaomba kuingia zaidi ya mara moja. Kuşadası ni Uturuki, nje ya Schengen. Meli ikirudi kwenye visiwa vya Ugiriki mnahesabiwa mmeingia upya. Na aiulize kampuni ya meli Uturuki wanataka nini kwa pasi ya Tanzania.)

Kijana hakuwa na nia mbaya. Aliona mshtuko wa furaha, kama wa sherehe ya kuzaliwa. Lakini hakuwepo Mombo. Kwa mtu kama baba yake, kufika mahali na kukuta mambo yameshaamuliwa huenda kusimfurahishe hata kidogo. Hilo ni wazo langu tu. Unaweza kunikatalia, wewe ndiye uliyelala naye miaka 40.

Usiharakishe kufuta. Nafasi ya Plaka haikudai chochote kwa sasa. Usiharakishe kuitetea pia. Ukiamua kumwambia, nisingeanza na “niliweka nafasi”. Ningemwomba ile ramani. Muda ambao hampiki wala hamkamui, labda Jumapili baada ya chakula, mwambie akuonyeshe njia yake nyekundu, mtaa kwa mtaa, mpaka kwenye geti la meli, na umsikilize mpaka amalize. Mwulize ni geti namba ngapi. Kwenye tiketi ya meli au kwa kampuni mtalipata, na mtajua kama hoteli ile iko karibu na geti lenu au la mtu mwingine. Kisha chukua kalamu, na pembeni ya karatasi hiyo hiyo mchoree Areopago jinsi ulivyokuwa ukiwachorea watoto, na kilele chake cha Mawenzi.

Akicheka, mwache acheke. Halafu mwambie ya Plaka, na kwamba ulishafanya, na lini.

Kisha niandikie mmejaza jina gani kwenye zile fomu mbili. Na kabla sijasahau, maana nilipokuwa mapokezi wageni hawakutuuliza mpaka mambo yameharibika: hoteli nyingi za Ugiriki, karatasi ya chooni haitupwi ndani. Ina kikapu chake pembeni.